Polisi juu ya kinga: namna ya kufanya doria ili watu wakusimamishe

Kwetu Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, baiskeli inaitwa kinga. Msomaji wa Dodoma au Mombasa akisikia neno hilo atafikiri ulinzi, na safari hii hatakuwa mbali, maana nataka kueleza namna polisi anavyolinda kartiye, yaani mtaa, akiwa juu ya magurudumu mawili yasiyo na injini. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Naandikia hasa vijana wa polisi wanaokabidhiwa kinga asubuhi na kuambiwa neno moja tu: zungukeni.

Mimi mtoto wa Katuba, kata ya Lubumbashi. Baba alikuwa mtu wa makala, yaani makaa ya kupikia. Aliondoka usiku na kinga tupu kwa barabara ya Kasenga, akarudi kesho yake akiisukuma, magunia matatu juu yake, yeye kando ameinama na jasho. Ndiye aliyenifundisha kuziba tundu, kukaza spoki na kusikiliza mnyororo. Lakini kusukuma makala na kufanya doria ni kazi mbili, na hilo sikulielewa mpaka wiki yangu ya pili.

Wiki hiyo nilikuwa nakimbiza. Nilitaka kartiye nzima ione polisi kabla saa moja haijaisha. Kwenye kona moja alikaa mama wa vitumbura, anapepea moto wake. Nilimwona akiinua kipepeo. Nikampungia mkono, nikapita. Usiku ule watu walifukua kebo ya umeme ya avenyu yake, wakaikata, wakaenda na shaba. Avenyu ilikaa giza wiki tatu. Nilipokwenda kuulizauliza, yule mama aliniambia: "Papa, mchana bale batoto babili balikuwa banachimba pale na mutalimbo, banajifanya bafundi. Nilikuinulia kipepeo. Ulipita kama manseba."

Manseba ni vijana wetu wa pikipiki za abiria. Hawana kosa, wao wanalipwa kwa kufika. Mimi nililipwa kwa kusimama, nikapita. Tangu siku hiyo sihesabu kilomita. Nikirudi kituoni najiuliza watu wangapi wamenisimamisha leo, na yote ninayoeleza hapa chini, kuanzia urefu wa tandiko hadi saa ya kutoka, yanatoka kwenye swali hilo.

Kuna jambo jingine linalonifanya niipende kinga, na nalisema bila kuficha. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, mama mmoja alikuja usiku, mlango wake umevunjwa, watoto wako ndani peke yao. Akaambiwa jipu, gari la kituo, haina mafuta, atafute pesa ya mafuta kwanza. Alirudi kwake kwa miguu. Nilikuwepo, cheo changu kilikuwa cha chini kabisa, sikufungua mdomo. Kinga haina tangi. Ukiwa na kinga mbili nzima ukutani, hakuna mtu wa kumwambia raia alete mafuta. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 inayopanga polisi yetu ya taifa inasema polisi ni huduma ya umma, ya kiraia, inayofikika na inayosikiliza watu. Mimi nasoma maneno hayo na kuona kinga.

Kinga ya kuchagua

Usikubali kila kinga unayopewa. Ile kubwa ya watu wa makala, ya magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma virefu, ni ngumu kama ng'ombe na vipuri vyake viko kwa kila fundi kinga chini ya mwembe. Lakini ni ndefu, bomba la juu liko juu sana, kushuka haraka ni shida, na breki zake mvua ikinyesha zinateleza tu kwenye janti. Kwa doria nachagua vetete, baiskeli ya milimani, ya inchi 26, fremu ya chuma, uma wa mbele mgumu usio na springi. Springi za bei rahisi zinakula nguvu zako, vumbi letu jekundu linaziua ndani ya miezi, na fundi wa kuzitengeneza hayupo. Gia chache zinatosha. Mji wetu ni tambarare, huna mlima wa kupanda.

Panda ukisimama juu ya bomba, miguu yote miwili chini. Kati yako na bomba pawe na nafasi ya vidole vitatu au vinne. Hapana nafasi, kinga ni kubwa kwako, iache. Kisha tandiko. Mtu wa safari ndefu hulipandisha mpaka kisigino kikigusa pedeli ya chini mguu uwe umenyooka. Anza hapo, halafu lishushe kidogo, mpaka ukiwa umekaa ncha ya kiatu iguse ardhi. Utapoteza nguvu kidogo ya kukanyaga. Utapata kitu bora: kusimama bila kuruka chini. Mtu mwoga akitaka kukuambia neno, ukifanya fujo ya kushuka, ukisaka stendi, ukipanga kinga, tayari amebadili mawazo.

Weka kengele. Wengine wanaidharau, wanasema polisi si mwuza mikate. Mimi naipiga mara moja kila ninapoingia avenyu, hata kama njia ni nyeupe, ili watu wa ndani ya parseli, yaani viwanja vya nyumba, wajue nimefika. Baada ya miezi miwili watoto wataijua sauti yake, na watu wazima watatoka na maneno yao wakati unaofaa, bila kukufuata kituoni mchana mbele ya macho ya jirani.

Mfuko wa nyuma usiwe mzito: mpira mzima wa ndani wa akiba, viraka, gundi, msasa, vijiko viwili vya kung'olea tairi, spana ya 15 ya nati za gurudumu, bisibisi, kitambaa, na vitu vya huduma ya kwanza. Ukitoboka njiani usikae kuziba. Badilisha mpira, endelea, tundu utaliziba kituoni. Pampu ifunge kwenye fremu kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa zamani. Ukanda mwingine wa namna hiyo fungia mguu wa kulia wa suruali, kwenye kifundo. Nimeona brigadier mzima (kwetu ni cheo cha polisi, si cha jenerali) analala chini katikati ya soko, suruali imemezwa na mnyororo, na watu wanacheka. Baada ya hapo huna la kuwaambia.

Kila asubuhi, kabla ya kutoka: upepo, breki, mnyororo. Upepo upime kwa kidole gumba. Tairi iwe ngumu lakini ikubali kidogo, na kipimo chake kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Breki zibane huku kidole kimoja bado kinapita kati ya mkono wa breki na usukani. Mnyororo uwe na mafuta kidogo, tone moja kwa kila kiungo, halafu upanguse. Kiangazi hapa, Mei mpaka Oktoba, mafuta mengi yanashika vumbi na kugeuka msasa. Panguseni kila siku. Masika ongeza kidogo, kwa sababu maji huosha. Mwisho inua gurudumu la mbele kiasi cha shubiri, liachie. Kikilia kitu, kitafute kabla hakijakutafuta wewe.

Mwili

Wiki mbili za kwanza utaumwa makalio. Yatapita. Beba maji lita moja na nusu kutoka kwako, usitegemee soda ya kupewa. Leo soda, kesho matabishi, yaani rushwa ndogo, na mwenye duka atataka umtendee kama mwenye deni lake. Bukari, yaani ugali, kula mapema, angalau saa moja na nusu kabla ya kupanda. Kofia ngumu ya baiskeli vaa hata Oktoba jua likichoma, na kizibao chenye mistari ya kung'aa. Kuna wanaotaka kwenda gizani bila taa ili wawakamate wezi. Nawaambia wazi: gizani bila taa, wa kwanza kukupata ni lori au mlinzi mwoga mwenye silaha. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, kila siku.

Silaha ndefu na kinga havipatani. Doria ya mchana katika kartiye, mimi naomba mkubwa aturuhusu tuiache kituoni. Akiamuru ibebwe, iwe mgongoni, mkanda umekazwa, mdomo chini, na ibebwe na mmoja tu, yule anayebaki nyuma. Kwenye keria au juu ya usukani, kamwe.

Uwanja kwanza

Usiingie barabarani kabla ya siku tatu uwanjani. Tunatumia uwanja wa mpira wa shule, wanafunzi wakiwa wameenda. Tunapanga chupa tupu kumi, kati ya moja na nyingine mita moja na nusu, na kila mtu apite katikati yake bila kugusa chini. Halafu mbio za polepole: mita ishirini, anayefika wa mwisho bila kuweka mguu ndiye mshindi. Vijana hucheka siku ya kwanza. Siku ya tatu wanaelewa, maana doria yote ni mbio hizo. Unatembea sambamba na bibi anayetoka kisimani na bidoni lake, anaongea, wewe uko juu ya kinga, mwendo ni wake.

Siri ya mwendo huo: kanyaga kidogo huku breki ya nyuma umeibana kidogo, na macho yaangalie unakokwenda, yasiangalie gurudumu. Ukitazama chupa utaigonga.

Fanyeni pia kusimama ghafla. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa, lakini ukiibana peke yake kwa hasira utaruka juu ya usukani. Peleka makalio nyuma ya tandiko, bana zote mbili, ya mbele taratibu. Kwenye changarawe na mchanga tegemea zaidi ya nyuma. Kisha kushuka ukiwa bado unaenda: mguu wa kulia upite nyuma ya tandiko, usimame na mguu mmoja juu ya pedeli ya kushoto, kinga ipunguze, ushuke unatembea. Ukilazimika kuilaza chini, ilaze upande wa kushoto. Mnyororo na gia viko kulia. Ukiiangukia huko, kesho unaenda kwa miguu.

Na mwisho jifunze kutazama nyuma ya bega bila usukani kukufuata. Inaonekana ndogo. Nimeona wengi wakigeuza kichwa kushoto, kinga nayo ikaenda kushoto.

Barabara zetu

Jijini Seattle, Marekani, mwaka 1987, polisi walipanda baiskeli wakati katikati ya jiji palipokuwa panachimbwa njia ya mabasi ya chini ya ardhi na magari yao yalikuwa yanakwama. Sisi kwetu mvua ya Januari inatosha. Barabara nyingi za udongo za kata zetu za Katuba, Kenya na Ruashi jipu inakwama, kinga inapita ukingoni, na mahali isipopita unaibeba begani.

Tahadhari na reli. Njia ya treni inakata mji, na reli yenye maji ni laini kuliko sabuni. Ivuke kwa kuikata moja kwa moja, gurudumu likutane nayo kama msalaba. Ukiipanda kwa mshazari, tairi itaingia kwenye mfereji wa reli na wewe utaendelea bila kinga. Kama njia inakuja kwa mshazari, panua kwanza, angalia nyuma, halafu geuka uikate.

Tunaendesha kulia, lakini magari mengi mjini mwetu yana usukani wa kuume. Baadhi ya mabasi madogo ya namna hiyo yana mlango upande wa kushoto, yaani abiria anashukia upande wa katikati ya barabara. Basi likisimama mbele yako, usilipite kushoto kwa karibu. Mlango utafunguka na mama mwenye mtoto mgongoni atatokea mbele ya usukani wako. Subiri, au pita mbali kabisa. Kwenye barabara ya malori ya kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usipeleke doria ya kinga usiku. Upepo wa lori pekee unakutupa kwenye mfereji.

Na mvua za kwanza za Oktoba, pale katikati ya mji, maua ya jakaranda yaliyoanguka juu ya lami huteleza vibaya. Punguza kabla ya kona, usibane breki ndani ya kona.

Mbwa akikukimbiza, simama. Shuka, weka kinga kati yako na yeye, ongea naye kwa sauti ya chini. Karibu wote wanakimbiza kinachokimbia.

Kuzunguka

Tokeni wawili. Peke yako kamwe. Mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo na pembeni, kiasi kwamba wa mbele akisimama ghafla wa nyuma hamgongi. Wa mbele anaongea na watu. Wa nyuma anaangalia mikono, milango, na mtu aliyegeuka haraka alipoona sare. Badilishaneni kila saa.

Ikiwezekana mmoja awe mwanamke. Mwenzangu wa miaka mingi ni mama, brigadier kama mimi. Siku za kwanza wanaume kwenye viti vya lutuku, pombe kali ya kienyeji, walikuwa wanapiga miluzi akipita. Hakujibu, aliendelea kupita. Baada ya mwezi wanawake walianza kumsimamisha yeye na kuniacha mimi nimeshika kinga mbili. Mume anayepiga, mjomba anayeingia chumba cha watoto, mambo ambayo kwangu hayakuwahi kufika kwa miaka, yeye aliyapata kwenye kona, mguu mmoja bado uko juu ya pedeli.

Avenyu zetu zimepangwa kama mistari ya daftari, na hiyo ni baraka. Usizifuate kwa mpangilio. Ingia ya tatu, toka ya kwanza, rudi ya tatu kwa upande wa pili dakika kumi baadaye. Anayekuhesabu ashindwe kuhesabu. Saa nazo zibadilishe, lakini usikose mbili: alfajiri kabla jua halijatoka, wakati mama za soko wanaondoka na pesa ya mtaji kiunoni, na jioni kati ya 18:00 na 20:00, giza likiingia, hasa umeme ukiwa umekatika. Mwendo wa kartiye uwe wa mtu anayekimbia polepole, usizidi. Panda dakika kumi, simama tano. Simama kisimani, simama kwa fundi kinga, kwa maana huyo anaona kila kitu na kila mtu humletea tairi. Shefu wa avenyu msalimie kila siku hata kama hana neno. "Jambo yenu," unasimama kweli mpaka wakujibu. Salamu ya kupita si salamu.

Sasa sikiliza hili vizuri, maana ndilo nililojifunza kwa gharama. Mtu akikupa habari hadharani umemweka hatarini. Wezi wana macho kwenye avenyu hiyohiyo. Kwa hiyo mtu akinisogelea kwa wasiwasi, nashuka, nainama, nashika tairi la nyuma kana kwamba upepo umetoka. Yeye anasimama kama mtu yeyote anayetazama polisi aliyetoboka, anasema yake juu ya kichwa changu, mimi naangalia spoki. Natoa pampu, napampu mara tano, naondoka. Jina lake siliulizi pale, na kwenye daftari naandika avenyu, saa na neno lililosemwa tu. Pembeni naweka alama ninayoijua mimi na mwenzangu.

Usimwahidi mtu kitu usichoweza. Sema: "Mama, kesho nitapita." Halafu upite.

Wakipiga kelele: mwizi!

Hapa kinga inaokoa watu, na hapa pia inaweza kukuua ukikosa akili.

Mtu akikimbia, usimfuate ndani ya parseli juu ya kinga, wala usigeuke kona usiyoiona. Mmoja abaki nyuma yake kwa mbali, mwingine aende avenyu ya sambamba na kumngoja mbele. Yeye anakimbia kwa miguu, ninyi mna magurudumu. Atachoka, ninyi hamjachoka. Mkikaribia, simameni hatua kumi na tano hivi kabla, vuteni pumzi tatu nzito. Moyo ukiwa unapiga kama ngoma, sauti inatetemeka na mikono inakosea. Piga simu kituoni hapo, kabla hujaanza kuongea naye. Ukiongea naye, kinga isimame kati yenu, umeshika tandiko na usukani. Akija kwa nguvu, isukume mbele, rudi nyuma, upate nafasi.

Lakini kazi ngumu zaidi ni kundi. Kelele ikianza sokoni, jipu itachukua dakika ishirini kupita kati ya meza na mabasi. Kinga inafika kwa mbili au tatu, na katika hizo dakika mtu anaweza kufa. Siku moja tulikuta kijana wa miaka kama kumi na saba amekaa chini, uso umejaa damu, na mtu ameshaleta tairi bovu. Walisema ameiba simu. Tuliingia tukiwa tumeshuka, tukisukuma kinga pole pole, kengele inalia. Tulizigeuza kinga, usukani kwa usukani, zikafanya pembe kama mdomo wa ndege, yeye nyuma yake. Hatukupiga kelele. Mwenzangu aliuliza kwa sauti ya kawaida: "Nani mwenye simu?"

Kimya. Akauliza tena. "Mwenye simu ni nani? Aje, tunaenda naye kuandika." Watu wakaanza kutazamana. Kundi halina simu, mwenye simu ni mtu mmoja, na mtu huyo akitajwa, wengine wanabaki hawana kazi pale. Akatokea baba mmoja, akasema ni yake. Tukamweka mbele yetu, kijana katikati, kinga pande mbili, tukatembea. Watu kama hamsini walitufuata mpaka barabara kubwa, wakapungua, wakabaki kumi, wakabaki watoto. Yule kijana alinishika mkanda njia nzima kama mtoto anayejifunza kutembea.

Kwa hiyo fanya hivyo: fika, weka kinga kati, tafuta mwenye mali, ondoka naye pamoja na mshtakiwa. Usianze kuhoji pale kama kweli aliiba au hakuiba. Usimpakie mshtakiwa kwenye keria, ataanguka au atakuangusha. Tembeeni. Akiwa ameumia, hospitali kwanza, kituo baadaye. Na akifika kituoni andika saa. Katiba yetu inasema mtu hawezi kushikiliwa na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya sheria, na saa hizo huanza kuhesabiwa tangu ulipomkamata, hata kama OPJ, afisa wa polisi anayechunguza makosa, hayupo.

Jioni

Usirudishe kinga na matope. Tope jekundu likikauka kwenye breki linageuka tofali. Maji kidogo, kitambaa, usielekeze maji ya nguvu katikati ya gurudumu, yatatoa grisi. Pita vidole kwenye tairi polepole ukitafuta miiba na vipande vya vioo. Kioo kilichoingia leo hutoboa kesho. Ziba mpira uliotobolewa mchana: kwaruza kwa msasa mpaka rangi ibadilike, paka gundi, ngoja mpaka isishike kidole, ndipo uweke kiraka na kukibana. Vijana wote wanakosea kwenye kungoja. Wanabandika gundi ikiwa mbichi na kunilaumu mimi.

Kisha daftari. Waambie wa usiku kwa mdomo pia, wakusikilize, maana daftari halisomwi kila mara: avenyu fulani taa imekufa, kwa fulani kuna kelele za ndoa, wale vijana wenye mutalimbo wameonekana tena. Waonyeshe mtu aliyekusimamisha leo anakaa wapi, ili wapige kengele mlangoni kwake mara moja usiku, waendelee.

Pampu irudishwe kwenye msumari wake ukutani. Wa usiku wakikuta tairi laini na pampu iko nyumbani kwako, hiyo kartiye haina doria usiku huo.